Mikono Miwili juu ya Kifuniko

Desimali alikuwa amesimama mlangoni mwa jikoni, sahani nne mkononi, alipoona jambo ambalo hakutakiwa kuliona. Kule chini ya dirisha, mbele ya cherehani ya mama yake, Mhandisi, mwanamume aliyempenda, alikuwa ameinama akifunga kompyuta. Aliifunga polepole, kwa mikono miwili, kiganja kimoja kila pembe, kama mtu anayemlaza mtoto aliyebembelezwa saa nzima.

Sahani ya juu ilicheza. Akaibana kwa kidevu.

Mwingine yeyote angeona mtu mwenye adabu anayetunza zawadi aliyomletea mama mkwe. Lakini Desimali aliifahamu mikono ile. Mhandisi alifanya kazi katika chumba cha majaribio cha kiwanda cha kompyuta, na kazi yake ilikuwa bawaba, vile viungo viwili vidogo vinavyoshika kifuniko chenye kioo. Huko kiwandani mkono wa chuma hufungua na kufunga kila aina mpya ya kompyuta mara elfu ishirini, naye ndiye husoma matokeo na kutia saini. Katika miezi kumi na minne ya kupendana, hakuwahi kumwona akifunga kompyuta ya kampuni yake kwa zaidi ya kidole kimoja. Hutazama pembeni, akaisukuma kwa kidole cha shahada, kach! "Isipovumilia kidole changu," husema, "haitavumilia dunia." Ndivyo alivyofanya siku ya kwanza, wachambuzi wa hisa walipotembezwa kiwandani. Wenzake walipiga makofi. Desimali, mmoja wao, akauliza matokeo ya majaribio yako wapi, na Mhandisi akamtazama kwa namna ambayo mpaka leo akiikumbuka shingo inapata joto.

Na sasa, kwa kompyuta mpya ambayo kampuni iliiita Nyepesi, mikono miwili.

"Umeganda hapo kama nguo kwenye kamba," kaka yake alimwita kutoka mezani. "Lete sahani, Desimali, watu wana njaa."

Jina hilo kaka ndiye aliyempa, tangu utotoni, kwa sababu dada yake hakukubali kugawana peremende bila kupima. Siku hizi dada alikuwa mchambuzi katika kampuni ya udalali wa hisa, na kaka alikuwa na duka la kompyuta lenye upana wa milango miwili. Wote wawili waliishi kwa bei. Mmoja aliziandika, mwingine alizibandika.

Walikula. Mama, ambaye hata Jumapili hakuvua futi ya kupimia nguo shingoni, alikula kidogo na kutazama sana.

"Jamani," alisema, "kabla ya yote, tufungue hiyo kompyuta yangu."

"Mama, kompyuta haikimbii," kaka alimjibu. Akasukuma sahani, akatoa bahasha mfukoni mwa shati, akaiweka katikati ya meza. "Hili ndilo linalokimbia."

Kila mmoja pale alijua kilichomo. Marehemu baba yao alikuwa fundi wa taipureta. Kompyuta zilipoingia mjini na wateja kumkimbia, alichukua akiba yake yote akanunua hisa za kampuni iliyokuwa ikiziunda. "Walioniulia kazi ndio watakaonilisha," alisema, na kweli walimlisha. Hisa ziliandikwa kwa majina matatu, mke na watoto wawili, na haziuzwi mpaka saini zote tatu zipatikane. Alitaka hivyo makusudi, ili asitokee mtu wa kuziuza kwa hasira. Zilikuwa ndizo matibabu ya mama, kodi ya nyumba hii, na kitu pekee cha baba ambacho bado kilikuwa kikifanya kazi.

"Wapinzani wameshusha bei tena juzi," kaka alisema. "Theluthi nzima. Kampuni ya shemeji hapa ikashusha kesho yake. Dukani kwangu wiki hii nimeuza Nyepesi moja. Moja! Za wapinzani kumi na moja. Hisa zimeshuka wiki ya tano mfululizo. Mimi nimeshasaini kuuza. Mama anasema atafuata binti yake msomi. Haya, msomi."

Jumapili iliyopita, kwenye meza hii hii, Desimali alikuwa na jibu, na lilikuwa zuri. Vita ya bei hushindwa na anayeishiwa pumzi kwanza. Kampuni ya Mhandisi ilikuwa na fedha ya kuhimili miaka miwili bila kukopa. Wapinzani, kwa hesabu zao wenyewe walizozitangaza, miezi minane. Na watu walinunua kompyuta za kampuni hii kwa sababu hazivunjiki. Tushikilie, alisema, na ripoti yake ya kesho Jumatatu kwa wateja ingesema hivyo hivyo.

Yote hayo yalisimama juu ya neno moja: hazivunjiki.

Alimtazama Mhandisi ng'ambo ya meza. Naye alikuwa akimtazama, macho laini, yenye siri, macho ya mtu anayengoja jambo. Siku nyingine angeyayeyukia. Leo alijiuliza anangoja nini.

"Umepoteza sauti?" kaka aliuliza.

"Nafikiri."

"Umekuwa na wiki nzima ya kufikiri. Juzi kwenye simu ulikuwa unanifundisha kama mtoto wa chekechea. Leo umeona nini?"

"Sijaona kitu."

Ulikuwa uongo wa kwanza aliowahi kusema juu ya hisa, na kaka yake, ambaye alimjua tangu enzi za peremende, aliusikia. Akamgeukia Mhandisi.

"Shemeji. Wewe unashinda humo humo. Hii Nyepesi, mmeishushia bei kwa kupunguza faida yenu au kwa kupunguza chuma? Ni nzima?"

"Kaka, hilo siwezi kulijibu."

"Ndiyo au hapana tu."

"Hata hivyo siwezi."

"Sikuulizi siri ya serikali! Nakuuliza juu ya jasho la baba yangu."

"Nalijua hilo," Mhandisi alisema taratibu. "Na siwezi."

"Kwanza tufungue kompyuta," mama alisema tena.

"Mama, tafadhali!" Kaka alipiga meza, vijiko vikaruka. "Mkwe gani huyu? Anakula kwetu, anataka binti yetu, nyumba inawaka yeye amekaa na ndoo ya maji mapajani, anasema kanuni haziruhusu. Desimali, saini."

Desimali aliikunja bahasha, akairudisha upande wa kaka yake.

"Leo sisaini. Na usiichane pia. Sina ushauri."

"Huna ushauri? Unalipwa kwa kitu gani?"

"Nimesema sina."

Kaka alisimama. Alipozungumza tena hakupayuka, na hapo ndipo alipotisha. "Kesho soko likifungua saa nne nataka saini yako. Usipoleta, nitajua umemchagua nani kati ya huyu na baba. Na hao wazee wake waliopanga kuja kwa posa mwezi ujao, waambie wasijisumbue. Mimi ndiye nitakayekaa mahali pa baba siku hiyo, na mlango sifungui."

Desimali alichukua mkoba wake akatoka.

*

Mhandisi alimfikia kwenye ngazi, ghorofa ya pili, pale penye taa isiyozimwa mchana wala usiku.

"Subiri. Nimekosa nini?"

"Tulikubaliana," Desimali alisema bila kugeuka. "Tukiwa pamoja hakuna kampuni. Huniambii, sikuulizi."

"Na sijawahi kukwambia neno."

"Umeniambia leo. Kwa mikono." Sasa aligeuka. "Nimekuona pale dirishani. Mikono miwili! Wewe, wa kidole kimoja!"

Alitegemea kuona hofu. Kilichopita usoni mwa Mhandisi kilifanana zaidi na kicheko kilichobanwa kooni, kisha kikafa alipoelewa.

"Desi. Ulidhani..."

"Sikudhani, nimeona. Unajua sheria ya kazi yangu. Nikijua jambo la ndani kabla soko halijalijua, siuzi, sinunui, sishauri mtu, hata mama yangu. Nikisaini kuuza, nimevunja sheria na wewe utaitwa mvujishaji. Nikiandika watu washikilie, nawadanganya wateja wangu. Umenifunga mdomo bila kuufungua wako."

"Sivyo ilivyo."

"Basi niambie ilivyo. Sema bawaba ni nzima. Neno moja. Nitarudi juu sasa hivi, nitamwambia kaka tushikilie, na atakuomba radhi kwa magoti."

Mhandisi alifungua mdomo. Desimali aliona neno likifika mpaka mdomoni, akaona likimezwa. Mtoto wa jirani alipita katikati yao na mpira. Wakajibana ukutani, kila mmoja upande wake, wakingoja apite, kama watu wasiojuana.

"Siwezi," alisema.

"Kwa sababu ni mbovu."

"Kwa sababu siwezi. Ingekuwa mbovu nisingekwambia. Ingekuwa nzima nisingekwambia. Nikikwambia leo kwamba ni nzima, siku nitakayonyamaza utajua. Baada ya hapo ukimya wangu nao utakuwa maneno."

"Kaka ananipokonya wewe, na unanipa kanuni?"

"Ni kanuni yako pia, Desi. Uliipenda kabla hujanipenda mimi."

Ilichoma, kwa kuwa ilikuwa kweli. Alishuka ngazi mbili.

"Rudi ndani," Mhandisi alimwambia kwa kumbembeleza. "Ifungueni hiyo kompyuta. Hilo tu ndilo ninaloomba."

"Nikiifungua nitajua zaidi. Niliyoyajua tayari yanatosha kunifukuzisha kazi."

Hakumwita tena. Desimali alishuka mpaka barabarani akisubiri kuitwa, na alipofika barabarani aliendelea kusubiri, mkono kwenye nguzo ya geti, dakika moja nzima kwa saa yake. Kisha akaenda.

*

Jumatatu saa mbili asubuhi alikuwa ofisini kwa mkuu wake, mwanamke mkavu mwenye miwani ya kamba, ambaye wachambuzi walisema hucheka mara moja kwa robo ya mwaka, matokeo yakitoka.

"Ripoti ya kompyuta iko wapi?"

"Siwezi kuitoa. Nina uhusiano na mfanyakazi wa kampuni ile. Ilinipasa kueleza zamani."

Mkuu alivua miwani. "Tangu lini?"

"Miezi kumi na minne."

"Na katika miezi hiyo umeandika ripoti ngapi juu yao?"

"Tatu."

"Zina kosa?"

"Hazina. Nimezipitia upya usiku kucha."

"Kosa ni kwamba uliziandika wewe. Amekwambia jambo?"

"Hajaniambia chochote."

"Basi umejua nini?"

Desimali alitafuta neno la kitaalamu, akalikosa. "Nimeona mikono yake."

"Mikono," mkuu alisema, "siwezi kuiandika kwenye fomu."

"Andika kwamba mimi siaminiki tena juu ya kampuni hii."

Mkuu aliandika. Faili la kampuni lingepewa mwenzake. Ripoti zake tatu zingekaguliwa. Na yeye pamoja na yeyote aliyemiliki hisa hizo kwa pamoja naye wasingeuza wala kununua hata moja kwa siku thelathini. Desimali alitia saini kwa mwandiko wake mdogo, ulionyooka. Aliporudi kwenye dawati lake alikuta droo ya kampuni ile imeshatolewa, limebaki tundu lenye vumbi la pembe nne.

Saa nne kasoro tano alimpigia kaka yake.

"Hatuwezi kuuza. Siku thelathini."

"Umefanya nini?"

"Nimesema kweli kazini."

"Kweli ipi? Kwangu ulisema hujaona kitu!" Akapumua kwa nguvu puani. "Sawa. Zikifika siku thelathini hisa zitakuwa karatasi ya kufungia sabuni. Mpaka wakati huo usiniite kaka." Akakata.

Soko lilifungua. Hisa zikashuka asilimia mbili katika robo saa ya kwanza. Desimali alitazama mstari mwekundu akiwaza matibabu ya mama, na kila alipofumba macho aliona viganja viwili.

Adhuhuri simu ililia.

"Njoo nyumbani," mama alisema. "Na usinijie na hesabu zako."

Alimkuta amekaa mbele ya cherehani. Kompyuta ilikuwa mahali palepale. Kwa karibu Desimali aliona kitu ambacho hangeweza kukiona kutoka jikoni: kifuniko hakikuwa kimefungika. Kati yake na kitako ulibaki mwanya, upana wa kifungo cha shati.

"Jana nilisema tufungue," mama alisema. "Nikasema tena. Wewe na kaka yako mna masikio ya kusikia bei tu. Fungua."

"Mama, mimi siruhusiwi..."

"Fungua, nimesema!"

Alifungua. Juu ya vitufe kulikuwa na kipande cha bitana ya hariri kilichokunjwa mara mbili, na juu yake pete, imefungwa kwa uzi kwenye ukanda mwembamba wa karatasi. Kwenye ukanda kulikuwa na alama ya penseli, mwandiko wa mama.

"Hicho ni kipimo cha kidole chako. Nilikichukua mwezi uliopita ukiwa umelala kwenye kochi. Alikuja kuniomba, nikampa. Tulipatana mimi niseme tufungue, yeye ainuke. Alishonesha hata suruali mpya, maskini." Mama aliinyoosha futi shingoni mwake. "Angeifunga kwa kidole kimoja, kioo kingevunjika juu ya pete."

Desimali alikaa chini, sakafuni, kati ya vipande vya vitambaa.

Aliyapitia upya, hatua kwa hatua, kwa kuwa hakujua njia nyingine ya kufikiri. Mikono haikuwa imesema lolote juu ya bawaba. Kosa lilikuwa lake lote: alisoma sahihi, akatafsiri vibaya. Pale kwenye ngazi Mhandisi alikuwa na sentensi fupi ya kujiokoa na kaka, na aibu, na usiku ule wote. Iwe kweli, iwe uongo, angeaminiwa. Hakuisema. Wala hakuigeuza pete kuwa ngao. Aliomba tu ifunguliwe.

Hiyo haikuwa hisia. Ulikuwa ushahidi, wa kwanza kuupata juu yake ambao moyo haukuwa umeupendelea.

"Kwa hiyo kompyuta ni nzima?" mama aliuliza.

"Sijui, Mama."

"Na hisa?"

"Sijui. Na hatutajua karibuni."

Mama alifikiri kidogo. "Baba yako alizinunua akiwa hajui," alisema, akarudi kwenye pindo lake.

*

King'ora cha kiwanda kililia saa kumi. Wafanyakazi walimwagika getini wawili wawili, na Mhandisi akatoka wa mwisho, peke yake, bado amevaa suruali mpya. Alimwona Desimali akimngoja. Alisimama mbali kidogo, mbali kuliko kawaida.

Desimali alikuwa na kompyuta kwapani, imefungwa kwa bitana.

"Kaka amesemaje?" Mhandisi aliuliza.

"Nisimwite kaka kwa siku thelathini. Hisa zimefunga zikiwa chini asilimia nne. Kwa kila asilimia amenitumia ujumbe, kila ujumbe na tusi lake."

"Na kazini?"

"Nimeondolewa kwenu. Siandiki tena."

"Kwa ajili yangu?"

"Kwa ajili ya ripoti tatu ambazo hazikuwa zangu kuandika. Usijipe sifa."

Pembe ya mdomo wa Mhandisi ilitikisika. Desimali aliiweka kompyuta juu ya ukuta mfupi wa geti, akaifungua. Mkono wake wa kushoto ulikuwa mfukoni, akautoa. Mhandisi aliiona pete, akashusha pumzi ambayo bila shaka aliibeba tangu jana.

"Imekutosha."

"Mama hakosei kipimo. Mimi ndiye niliyekosea." Maneno haya hakuwa amezoea kuyasema. "Jana ungesema ni nzima, ningekuamini."

"Najua."

"Ungepona."

"Kwa siku moja tu."

Desimali alinyoosha kidole cha shahada, akasukuma kifuniko. Kach! Hakukitazama, alimtazama Mhandisi usoni, kwa makini yote aliyowahi kuyatumia kwenye hesabu za watu, akitafuta mkunjo, mshtuko, fahari, chochote. Kidole kimoja mara moja hakithibitishi kitu, mashine ya kiwandani hufanya mara elfu ishirini. Uso ule ungemwambia. Ulikuwa mtulivu kama maji ya ndoo.

"Hata kope?" aliuliza.

"Hata kope."

"Kwa siku thelathini?"

"Kwa siku zote nitakazokuwa na kazi hii. Utaishi na mtu ambaye kuna chumba hatakufungulia. Fikiri vizuri, Desi."

Simu ililia mkobani, ujumbe mwingine wa kaka. Aliiacha ilie.

"Nimeshafikiri," alisema, akampa mkono.

Mhandisi aliupokea taratibu, kwa mikono miwili.